Mshipa, Neva na Kizunguzungu: Uhakiki wa Istilahi za Maradhi ya Kuona na Kusimama

Utangulizi

Istilahi kwa kawaida hupimwa kwa ufupi wake, usahihi wake, kukubalika kwake na uwezo wake wa kunyumbulika na kuzaa maneno mengine. Vipimo hivi ni vyema, wala hatukusudii kuvipinga. Makala haya yanakusudia kuongeza kipimo kimoja ambacho, kwa maoni yetu, kimesahauliwa katika msamiati wa tiba: je, istilahi inasaidia kumtofautisha mgonjwa huyu na yule? Neno laweza kuwa fupi, likawa la Kibantu, likapitishwa kikaoni bila ya ubishi, na bado likashindwa kazi hiyo. Likishindwa, anayepata hasara ni mtu aliyeketi kwenye benchi la zahanati akingojea kuulizwa anaumwa nini.

Mfano tutakaoutumia ni maradhi ya neva yanayodhuru kuona na kusimama. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba taaluma ya maradhi haya imepiga hatua kubwa katika miaka ya karibuni, na watafsiri wanatakiwa kuzieleza hatua hizo kwa Kiswahili. Ya pili ni kwamba mojawapo ya maradhi hayo lina historia katika jiji letu la Dar es Salaam, ingawa mpaka leo halina jina la Kiswahili linalofahamika na watu wa Tandale au Mbagala.

Maradhi yenyewe

Tangu mnamo mwaka 1988 waganga wa macho jijini Dar es Salaam na katika sehemu za pwani walianza kuwaona vijana waliopungukiwa na uwezo wa kuona kwa namna isiyo ya kawaida. Macho yote mawili hudhurika, bila maumivu, kwa muda wa majuma. Ukilitazama jicho kwa nje ni safi: si jekundu, halina mtoto wa jicho, wala halitoi machozi. Miwani haisaidii. Baadhi ya wagonjwa hao, pamoja na kutoona vizuri, huhisi nyayo zikiwaka moto au zikifa ganzi. Taarifa za kitaalamu juu ya jambo hili zilichapishwa katika majarida ya kitabibu ya nje mwaka 1997 na 1998, na moja kati yake ilihusu wanafunzi wa shule za msingi za jijini. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi ulioonyesha kwamba upungufu wa foleti mwilini na moshi wa ndani ya nyumba ni mambo yanayoambatana na hatari ya kupata ugonjwa huo. Mwaka 2013 jarida la Brain lilitoa matokeo ya kuwapima wagonjwa wa Tanzania kwa chombo kinachotumia mwanga kupiga picha za matabaka ya retina, hata unene wa kila tabaka ukapimika bila ya kuligusa jicho.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Katika mwaka 1992 na 1993, wakati wa dhiki kubwa ya chakula, nchi ya Cuba ilipata wagonjwa zaidi ya 50,000 wa maradhi yanayofanana na haya. Wengine walidhurika macho, wengine miguu, wengine vyote viwili. Serikali ya huko iliwagawia wananchi wote vidonge vya vitamini, na mlipuko ukapungua.

Kinachodhurika ni nyuzi za neva zitokazo katikati ya retina kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo mgonjwa hupoteza sehemu ya kati ya kuona kwake, ilhali pembeni hubaki pazima au karibu pazima. Tafadhali msomaji azingatie jambo hili, maana ndipo lugha inapoingia. Mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kuvuka barabara, kucheza mpira na kukwepa shimo njiani, lakini asiweze kusoma ubaoni wala kuitambua sura ya mwalimu wake. Mwalimu aliyemwona akikimbia uwanjani atasema nini anapomwona ameshindwa kusoma sentensi moja? Atasema mvivu, au atasema mwongo. Hilo si kosa la moyo wa mwalimu. Ni upungufu wa maneno: Kiswahili chake kimempa "kipofu" na "mzima", hakikumpa neno la mtu asiyeona katikati.

Neno "mshipa" na mzigo wake

Tuanze na neno ambalo ndilo msingi wa yote. Katika matangazo, vipeperushi na hata vibao, neva huitwa "mshipa", na zikiwa nyingi huitwa "mishipa ya fahamu". Tuangalie mzigo ambao neno hili limekwisha kubebeshwa.

Mshipa ni njia ya damu, iendayo au irudiyo. Mshipa ni kano, kwani mkandaji husema mshipa umekaza. Mshipa ni neva. Tena, katika usemi wa pwani, mtu "mwenye mshipa" ni mgonjwa wa ngiri au busha. Upana huu si wa jana: kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya usimamizi wa Frederick Johnson ilikwisha kuuonyesha. Katika mazungumzo upana huo hauna ubaya, kwa kuwa muktadha humwongoza msikilizaji. Lakini mweleze mzee wa Mtoni kwamba kijana wake "ana ugonjwa wa mshipa wa jicho", naye atakuwa na haki ya kufikiri juu ya damu iliyovilia, juu ya presha, au juu ya jambo ambalo hataki kulitaja mbele ya wakwe. Hatafikiri juu ya lishe na foleti.

Nyongeza ya "fahamu" haiponyi kasoro hii, bali inaleta nyingine. Kwa Mswahili, fahamu ni ile inayopotea mtu anapozimia na kumrudia anapozinduka. Ni jirani wa akili. Ukimwambia mtu kwamba mishipa yake ya fahamu imedhurika, hutazuia asisikie kwamba anaelekea wazimu. Kijana anayeona kiwaa na kuungua nyayo ana fahamu zake zote. Istilahi inamsingizia maradhi asiyokuwa nayo, na jamaa zake watampeleka panaposhughulikiwa maradhi hayo ya kusingiziwa.

Twapendekeza basi kwamba katika tafsiri zote za tiba neno "neva" litumike peke yake kwa maana hii, na "mshipa" ubakie kwa njia za damu. Hapana shaka wapo watakaosema kwamba neva ni neno geni, na kwamba utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi unatutaka tutafute kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, ndipo twende nje. Tunauheshimu utaratibu huo. Hata hivyo, utaratibu huo ni njia ya kutafutia, si chekecheo la kutupia kila kisichopita. Neno la nyumbani lililokwisha kuajiriwa kazi nne haliwezi kupewa ya tano kwa sababu tu ni la nyumbani. Ama kuhusu ugeni, neva limo katika vitabu vya biolojia vya shule kwa miaka mingi. Na watu wa Manzese wasemao presha, eksirei na malaria kila siku hawashindwi na silabi mbili.

Jina la neva inayohusika nalo lina tatizo. Wengi huandika "neva ya jicho". Lakini jicho lina neva kadhaa: nyingine hulizungusha, nyingine huinua kope, nyingine huhisi vumbi likiingia. Inayopeleka picha kwenye ubongo ni moja tu. Heri basi tuseme "neva ya kuona", kama tusemavyo neva ya kusikia. Jina hutokana na kazi, na kwa hiyo halina utata.

Kizunguzungu ni kimoja au vitatu?

Sasa tuingie katika kusimama. Mwili husimama kwa msaada wa mashahidi watatu: macho, sehemu ya ndani ya sikio, na hisia zitokazo katika nyayo na viungo. Twaweza kuwaita mafiga matatu yanayobeba chungu. Figa moja likilegea chungu huyumba, lakini mengine mawili hukizuia. Yakilegea mawili, chungu huanguka. Mgonjwa tuliyemtaja hapo juu mara nyingine hupungukiwa na figa la nyayo, na la macho nalo halimsaidii kama zamani. Ndiyo sababu mtu aliyedhurika neva za miguu hupepesuka akifumba macho ili kuosha uso, au akitoka uani usiku bila taa. Kipimo kinachoitwa cha Romberg kimejengwa juu ya jambo hilo hilo: mgonjwa husimama miguu pamoja, kisha hufumba macho.

Mgonjwa huyu akifika zahanati husema: "Nina kizunguzungu." Hasemi uongo, kwani ndilo neno alilo nalo. Lakini neno hilo hilo husemwa na watu wengine wawili wasiofanana naye hata kidogo. Mmoja ni yule anayeona chumba kinamzunguka kila anapogeuka kitandani. Huyo huenda ana chembe ndogo za chokaa zilizochomoka mahali pake ndani ya sikio, na tangu John Epley alipoeleza mwaka 1992 namna ya kumgeuza mgonjwa kichwa kwa hatua maalumu, wengi wa namna hiyo huweza kupata nafuu kwa dakika chache, bila dawa yoyote. Mwingine ni yule anayeona giza anapoinuka ghafla, akakaribia kuzimia: huyu atazamwe damu na moyo wake. Na wa tatu ni yule ambaye chumba hakimzunguki wala haoni giza, ila miguu haijui ilipo. Watu watatu, sababu tatu, tiba tatu, neno moja.

Kamusi zetu zina utajiri hapa ambao haujatumika. Tuna kizunguzungu, tuna kisunzi, tuna masua, tuna vitenzi kuyumba, kupepesuka na kuwayawaya. Tatizo ni kwamba yale matatu ya kwanza hufafanuliwa moja kwa jingine, kana kwamba ni visawe tu. Mtaalamu wa istilahi atashawishika kuyagawa: kizunguzungu kiwe cha kuzungukwa na vitu, kwa kuwa shina lake lasema hivyo, kisunzi kiwe cha giza la kukaribia kuzimia, na kupepesuka kuwe kwa miguu isiyojua ilipo, tupate nomino "mpepesuko". Sisi twaunga mkono mgawanyo huo katika vitabu na kamusi.

Lakini lazima tutoe onyo. Mgawanyo uliofanywa kikaoni hauwi mali ya wasemaji siku hiyo hiyo. Mtafsiri wa hojaji ya hospitali akiandika "Je, una kizunguzungu, kisunzi au mpepesuko?" atakuwa amemuuliza mgonjwa wa Tandika swali la mtihani wa Kiswahili, si swali la afya. Kwa hojaji istilahi hazifai, zinafaa sentensi. "Je, unaona vitu vinakuzunguka?" "Je, ukiinuka unaona giza kama mtu atakayezimia?" "Je, unayumba zaidi gizani au unapofumba macho kuosha uso?" Majibu ya maswali haya matatu ndiyo atakayoyaandika mganga kwa istilahi zetu. Istilahi ni ya kuandikia jibu. Swali liwe katika lugha ya mwulizwaji. Watafsiri wengi hulichanganya hili, wakafikiri kwamba tafsiri rasmi ni ile iliyojaa istilahi nyingi kupita nyingine.

Hali kadhalika kwa macho. Neno "ukungu" hutumika kwa kila namna ya kutoona. Lakini mwenye mtoto wa jicho hufunikwa na ukungu kote, ilhali mgonjwa wetu ana pazia katikati tu. Lugha inalo neno "kiwaa". Tukiliweka "kiwaa cha katikati" tutakuwa tumempa mwalimu neno alilolikosa. Tusilichanganye na "kiwi", ambacho ni kule kutiwa giza na mwanga mkali. Zaidi ya hayo, maradhi ya neva ya kuona hufifisha rangi. Dawa ya ethambutoli, inayotumika katika tiba ya kifua kikuu, inaweza kuidhuru neva hiyo, na dalili moja ya mapema ni kupotewa na tofauti ya nyekundu na kijani. Karatasi ya maelezo isemayo "dawa yaweza kuathiri macho" haijasema kitu. Isemayo "ukiona nyekundu imepauka, rudi kliniki mara moja" imeokoa jicho la mtu.

Mlipuko, mkazi, sababu na kihatarishi

Lipo kundi jingine la maneno ambalo makosa yake ni makubwa kuliko yaonekanavyo. Taarifa za 1997 na 1998 ziliuita ugonjwa huu wa mlipuko. Ile ya 2011 na ile ya 2013 ziliuita kwa neno lenye maana ya ugonjwa uliokwisha kufanya makazi mahali. Mabadiliko hayo yana maana: wataalamu walikuwa wakisema kwamba jambo halikuja likapita kama kule Cuba, bali limebaki. Kiswahili kina "ugonjwa wa mlipuko", nalo limezoeleka sana kwa sababu ya kipindupindu. Lakini hapo pana mtego, maana kwa sababu hiyo hiyo mwananchi anaposikia mlipuko hufikiri maambukizo, choo na maji. Maradhi ya lishe hayaambukizi. Mtafsiri asipoongeza maneno "yasiyoambukiza", atakuwa amewafukuza wagonjwa katika vyumba vya kupanga. Na kwa ule uliobaki, twapendekeza "ugonjwa mkazi". Neno mkazi linajulikana na kila mjumbe wa mtaa, na maana yake haihitaji kuelezwa.

Kosa la pili ni kutafsiri kihatarishi kwa "sababu". Uchunguzi wa 2011 haukusema kwamba moshi wa jikoni ndio unaopofusha. Ulisema kwamba waliokuwa na ugonjwa walitofautiana na wasiokuwa nao katika foleti na katika moshi wa ndani. Mtafsiri akiandika "sababu ya ugonjwa ni moshi", amemhukumu mama apikaye chumbani kwa kuwa hana jiko jingine, na amemfanya jirani asiyepika ndani ajione salama, ingawa hali mboga za majani. Neno "kihatarishi" limekwisha kuingia katika lugha ya afya. Litumike, na lifuatwe na maelezo ya sentensi moja. Foleti nayo isiachwe peke yake kama jina la kemikali. Mtu haendi sokoni kununua foleti. Hununua mchicha, matembele, maharage na kunde, na yafaa aambiwe kwamba mboga zikichemshwa kwa muda mrefu sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea.

Jina litoke wapi?

Limebaki swali la jina la ugonjwa wenyewe. Majarida ya nje yameuita kwa jina la nchi yetu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwataka wataalamu wasiyape maradhi mapya majina ya mahali, kwa ajili ya aibu na hasara yanayoleta. Sisi tunayo mifano miwili iliyo bora kuliko huo wa majarida. Chikungunya, jina linalotumika sasa duniani kote, lilitoka katika Kimakonde baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, nalo laeleza mwili wa mgonjwa uliojikunja kwa maumivu ya viungo. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaohusishwa na muhogo mchungu usioondolewa sumu vizuri, ambao Trolli aliueleza mwaka 1938 huko Kongo, umebeba neno la Wayaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Ulipoonekana wilayani Tarime katika miaka ya 1980 jina lilikuwa tayari. Majina haya mawili hayakutungwa kamatini. Yalisikilizwa, kisha yakaandikwa.

Kwa matumizi ya vitabu tunatoa pendekezo la "ugonjwa mkazi wa neva ya kuona", bila ya jina la nchi. Ni refu, lakini kila neno lake linafanya kazi yake. Kwa matumizi ya watu tusitunge. Wagonjwa wenyewe na jamaa zao wana namna wanavyoyataja maradhi haya, huko Kimara, Keko, Tegeta na Mbagala, na maneno hayo hayajakusanywa.

Hitimisho

Kwa muhtasari, makala haya yametoa mapendekezo sita. Neva iitwe neva, na mshipa uachiwe damu. Neva ipelekayo picha kwenye ubongo iitwe neva ya kuona. Kizunguzungu, kisunzi na mpepesuko vitenganishwe katika kamusi, ila hojaji ziulize kwa sentensi. Kasoro ya kuona katikati iitwe kiwaa cha katikati, nayo ifundishwe vyuoni kwa walimu. Ugonjwa mkazi utofautishwe na mlipuko, na kihatarishi kitofautishwe na sababu. Mwisho, kabla ya kikao chochote cha istilahi za tiba, watumwe watu wawili wenye daftari wakaketi katika mabenchi ya wagonjwa wa nje, kama vile Mwananyamala na Temeke, kwa ruhusa ya wenyeji wao na bila kuandika jina la mgonjwa yeyote, wasikilize jinsi watu wanavyojieleza. Gharama ya kazi hiyo ni nauli ya daladala na juma moja. Wakirudi, orodha yao isomwe kwanza kikaoni, kabla ya orodha ya maneno ya Kiingereza.